Rafu Wazi na Mtu wa Kuulizwa

Msafiri atokaye Goma, akiisha kuiacha Sake nyuma yake na kuanza kuvipanda vilima vya Masisi kwa njia iendayo upande wa Rubaya, hufika Bihambwe baada ya kupita malisho mapana ya ng'ombe ambayo ukungu wa asubuhi huyaficha na jua la adhuhuri huyafunua. Na akiwa ni mtu wa kutazama mambo kwa utulivu, ataona kwamba katika mji mdogo wa namna hii ni nadra kupata huduma pasipo mkono wa mtu. Maziwa hupimwa na mtu, maharagwe hujazwa koponi na mtu, mzigo husukumwa na mtu juu ya chukudu, yaani kigari cha mbao cha magurudumu mawili, na hata ile fedha ya simu, ambayo walioibuni waliikusudia iwe muamala baina ya mwenye simu na simu yake tu, aghalabu hupita kwa kijana aliyeketi chini ya mwavuli kando ya njia. "Mwanangu, uniangalilie kama feza imeingia," mama humwambia, akimkabidhi simu yake bila ya wasiwasi, naye kijana hutazama kioo na kujibu, "Imeingia, mama."

Mahali pa aina hii, kuuliza kama maktaba ya umma yafaa kujihudumia yenyewe au kuhudumiwa na watu kwaweza kuonekana ni kubishania rangi ya mapazia ya nyumba ambayo haijachimbwa msingi. Bihambwe si mahali ambapo mtu hutarajia kuona jengo lenye bango la maktaba. Vita vilivyopita katika teritware ya Masisi, vikaitia Rubaya mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024 na Goma yenyewe katika Januari 2025, viliwatoa watu majumbani mwao si mara moja, na mtu akimbiaye hubeba godoro, sufuria na mtoto, kitabu hubaki. Walakini naona swali hili lina wakati wake, na wakati wake ni huu. Maktaba zifikazo vijijini kwetu mara nyingi huletwa na mhisani, zikiwa zimekwisha kuchorwa kila pembe huko zilikotoka, na mhisani wa zama hizi hupenda mambo mawili kupita kiasi: kifaa kipya kinachopigika picha vizuri, na hesabu isiyo na safu ya mishahara. Atakayekuja na makasha yake akiwakuta wenyeji hawajaamua wanataka nini, atawaamulia yeye.

Hoja yenyewe ni kongwe kuliko umeme wa maktaba. Katika Uingereza ya karne ya 19 msomaji wa maktaba ya umma hakuruhusiwa kuigusa rafu. Alisimama mbele ya kizuizi, akikabili ubao mkubwa uliosheheni namba ndogo ndogo, ambao Alfred Cotgreave aliyeubuni aliutia rangi mbili, samawati kuonyesha kitabu kimo na nyekundu kuonyesha kimetoka. Msomaji alichagua namba katika orodha iliyochapwa, akaitafuta ubaoni, akaisoma rangi yake, kisha akamwita karani, naye karani akaenda nyuma akarudi na kitabu ambacho mwombaji hakupata kukifunua kabla ya kukiomba. Mwaka 1894 mkutubi James Duff Brown, aliyekuwa amekwenda Marekani mwaka mmoja nyuma na kuona mtindo mwingine, aliuacha ubao huo katika maktaba ya Clerkenwell, London, akawaruhusu watu kuingia baina ya rafu na kuchagua kwa macho na vidole vyao. Wakutubi wenzake wakamshambulia kwa maneno makali: vitabu vitaibwa, vitachanganywa, vitachakazwa, na watu wa kawaida hawana adabu ya kuachiwa hazina kama hiyo. Hawakumshinda, mtindo wake ndio uliokuja kuwa ada ya maktaba za umma nchini mwao.

Lakini Brown hakuwafukuza watumishi. Aliwahamisha. Msomaji aliingia kwa kilango kimoja, akatoka kwa kingine, na baina ya vilango hivyo waliketi watu ambao, kwa kuwa hawakuwa tena na kazi ya kupanda ngazi na kushuka na vitabu siku nzima, walibakiwa na wasaa wa kumwelekeza anayepotea. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu mjadala wa leo huchanganya mambo mawili yasiyo na udugu wa lazima, yaani kumfungulia msomaji rafu na kumwondolea mtu wa kumuuliza, kana kwamba la kwanza haliji ila likifuatana na la pili.

La pili ni la juzi juzi tu. Singapore walifungua maktaba ya Sengkang mwishoni mwa 2002, ambamo mgeni hakumkuta karani: kitabu kiliwekwa juu ya mashine, mashine ikakitambua kwa kibandiko chembamba kilichofichwa ndani ya jalada na chenye kuyajibu mawimbi ya redio, na mwenye swali alinyanyua simu akasema na mkutubi aliyekuwa mbali. Denmark walianza mwaka 2004 kuziacha maktaba ndogo za vijijini zikiwa wazi saa ambazo hakuna mtumishi. Raia huupitishia mlango kadi yake ya afya, akabofya namba yake ya siri, taa zikawaka, kamera ikamtazama, naye akaazima na kurejesha bila ya kumsalimu mtu. Waisifuo Denmark hupenda kuupita upesi ukweli kwamba huko saa za pasipo mtu zilikuwa nyongeza, za alfajiri na za usiku, juu ya saa ambazo watumishi huwapo. Barnet, kaskazini mwa London, mambo yalikwenda kwa nia nyingine: saa za kujihudumia zilipoenea huko mwaka 2017 ziliandamana na kupunguzwa kwa watumishi, na watoto hawakuruhusiwa kuingia saa hizo pasipo mtu mzima. Basi mtoto wa mama afanyaye kazi hadi jioni, ambaye maktaba ingemfaa kuliko wengi, alikuta mlango ukimfungukia mwenye kadi na kumfungia yeye.

Tena tuangalie mlango huo wasimama juu ya nini. Wasimama juu ya umeme usiokatika, mtandao usiolala, umma uliosoma shule kwa vizazi kadhaa, na kadi ambayo kila raia anayo mfukoni. Kongo kadi ya mchaguzi ndiyo ambayo kwa miaka mingi imekuwa kitambulisho cha mtu, na aliyekimbia usiku kutoka Bihambwe kwenda Sake, na kutoka Sake kwenda kambi za Goma, hana hakika nayo kama alivyo na hakika na jina la baba yake. Mlango unaotaka kadi humtaka huyu athibitishe kuwa yeye ni yeye, mbele ya chuma kisichoweza kumjua kwa sura.

Hata hivyo nisije nikamtukuza mtu wa mlangoni kupita haki yake, maana historia yetu haimsifu. Maktaba ya McMillan mjini Nairobi, iliyofunguliwa 1931 kwa kumbukumbu ya William Northrup McMillan, na ambayo simba wake wawili wa mawe wangali wanalinda ngazi, ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi mwishoni mwa miaka ya 1950; hapakuwa na upungufu wa watumishi hapo, na sehemu ya utumishi wao ilikuwa ni kutomhudumia Mwafrika. Kongo ya Wabelgiji nayo ilikuwa na maktaba za Wazungu na maktaba za wenyeji, zikitengana kama mitaa ilivyotengana. Aliyerudishwa kutoka mlango wa namna hiyo angeipenda mashine isiyouliza rangi. Na baada ya uhuru bawabu hakutoweka, ila alibadilika sura. Katika shule nyingi za upande huu wa Afrika vitabu vilivyotolewa kwa hisani hukaa katika kabati la ofisi ya mkuu wa shule, vingine bado vimo katika nailoni vilivyofungwa nayo kiwandani, na ufunguo wa kufuli umo mfukoni mwa mkuu, au prefe kama tumwitavyo wa sekondari. Kumlaumu ni rahisi. Lakini mkaguzi akija hamuulizi ni watoto wangapi waliosoma kitabu fulani. Humuuliza nakala ishirini zilizotiwa sahihi ziko wapi, na kitabu kisichosomwa hakipungui hesabu. Ubao wa Cotgreave ungali hai Masisi, ila umekuwa wa mbao na bawaba.

Kwa hiyo nauona ukweli wa wanaotaka rafu wazi, na kama ningelazimika kuchagua baina ya kabati lenye kufuli na rafu isiyo na mtu, ningechagua rafu isiyo na mtu na kukubali hasara ya vitabu vitakavyopotea. Kitabu kilichoibwa na mtoto wa Bihambwe walau kimo nyumbani mwa mtu. Ila hakuna anayetulazimisha kuchagua hivyo, na Afrika ya Mashariki imekwisha kujaribu mambo mengi yaliyo bora.

Mwaka 1948 serikali za kikoloni ziliunda East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, mkurugenzi wake Charles Richards, na kazi yake moja ilikuwa kupeleka masanduku ya vitabu mahali pasipo na maktaba, na kuwaazimisha wasomaji wa mbali kwa njia ya posta. Posta ile ilikuwa ni kujihudumia kwa namna yake: mtu aliketi peke yake na orodha, akachagua, akaandika, akangoja. Ilimfaa aliyekwisha kuwa msomaji, yaani mwalimu, karani, mhubiri. Tanganyika huru ilipopitisha sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere alipofungua maktaba kuu ya Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, mkazo uliwekwa katika rafu zilizo wazi na watumishi waliofunzwa. Wakenya, kwa wafugaji wa Garissa ambao hawakai mahali pamoja, waliwapakia ngamia vitabu mwaka 1996. Na wanaostaajabu kwa ngamia husahau kumtazama mtumishi wa maktaba anayetembea kando yake, akatandika mkeka chini ya mti, akapanga vitabu mbele ya watoto na kuwaacha wavishike.

Mfano unaonivutia kuliko hiyo yote uko Uganda, Kitengesa, kijiji cha karibu na Masaka. Huko mwaka 1999 maktaba ilianza kwa sanduku moja la vitabu katika shule ya sekondari, kwa juhudi za Kate Parry, mwalimu wa chuo kutoka New York, na baadaye ikapata jengo lake. Jengo si la ajabu. La ajabu ni jinsi walivyolitatua swali la watumishi: wanafunzi wa sekondari hufanya kazi maktabani kwa saa zilizopangwa, na kwa badala yake hulipiwa karo. Kijana anayeazimisha vitabu leo ni yule yule aliyekuwa akiazimishwa mwaka jana. Anajua ni kitabu gani kilimshinda na kwa nini, na anaweza kumsomea bibi asiyejua kusoma gazeti la Kiganda pasipo kumfedhehesha, kwa kuwa yeye ni mjukuu wa jirani. Hapo msaidizi haketi juu ya msomaji. Wamekaa kiti kimoja, wakipokezana.

Mfano wa pili watuhusu zaidi kwa damu. Mwaka 2014 shirika la Kifaransa la Bibliothèques sans frontières lilipeleka Burundi, katika kambi za Kavumu na Bwagiriza walikokuwa wakimbizi wa Kongo, maktaba ya makasha iitwayo Ideas Box, iliyobuniwa na Philippe Starck: mzigo unaokaa juu ya palleti mbili, wenye rangi za kung'aa, ambao hufunguliwa kwa muda usiotimia dakika 20 ukawa meza, viti, vitabu, tableti, kompyuta na skrini ya sinema, pamoja na umeme na mtandao wake. Kifaa hiki kingekuwa ndoto ya wapenda kujihudumia, maana kila kitu kimefikiriwa, hata mahali pa kuchomeka waya. Lakini shirika lenyewe halikukitelekeza uwanjani. Waliwekwa waelekezi, wakafunzwa, wakawa hapo kila kilipofunguliwa, wakianzisha kazi za watoto, wakiwafundisha wazee kushika tableti, wakigawa zamu. Mbunifu mashuhuri wa Paris na wafadhili wake wote hawakupata njia ya kuachana na mtu wa kusema karibu.

Turudi sasa Bihambwe, tukamfikirie msomaji wa huko kama alivyo. Nyumbani mtoto huongea Kinyarwanda au Kihunde, sokoni Kiswahili, na shuleni mbele yake kuna Kifaransa. Rafu iliyopangwa kwa utaratibu wa namba wa Dewey wa 1876, na vichwa vya Kifaransa juu yake, humsemesha kwa lugha ambayo bado anaitetemekea. Zaidi ya hayo, haji akitafuta kitabu. Huja akitafuta jawabu. Msichana wa mwaka wa sita wa sekondari hutafuta maswali ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, ya miaka iliyopita. Mchimbaji wa koltani wa Rubaya, mahali ambapo dunia hupata sehemu kubwa ya tantali ya simu zake, aweza kutaka kujua madini yake huuzwa kwa bei gani mbali na mizani ya anayemnunulia. Na mfugaji ambaye ndama wake wanakufa kwa ndigana hatasimama mbele ya namba 636 akijua kuwa ndiyo ya mifugo. Atasimama mlangoni, kofia mkononi, akauliza: "Mwalimu, iko kitabu ya magonjwa ya ngombe?"

"Iko, mzee. Iko mu Kifaransa, lakini keti, tutasoma pamoja."

Katika jibu hilo mna kazi nne, na hakuna hata moja ifanywayo na kibandiko cha redio: kulielewa swali, kukijua kitabu, kukifasiri, na kumpa mtu mzima kiti bila ya kumfanya ajione mtoto. Hayo ndiyo ambayo wahasibu huyaandika kwa neno moja, mshahara, kisha wakayakata.

Lakini Masisi ina jambo lake ambalo Clerkenwell haikulijua, nalo lanifanya nisite. Mtu wa maktaba ni mtu wa kabila fulani, wa kilima fulani, na shemeji wa fulani. Katika nchi ambayo wenyeji wake, Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanyanga na Watembo, wamegombanishwa juu ya ardhi na utawala kwa miongo, na ambamo kilima huweza kubadili mikono baina ya magharibi na alfajiri, daftari lenye jina la msomaji, kijiji chake na kitabu alichokiazima si karatasi isiyo na hatari. Nani alisoma historia ya Rwanda? Nani aliazima kitabu cha sheria ya madini? Nani huja kila Jumanne? Mwenye bunduki anayeingia maktabani ana haja ndogo na vitabu, na haja kubwa na daftari. Kwa upande huu wapenda kujihudumia wana hoja ambayo hata wao wenyewe hawaitumii vya kutosha, nayo ni kwamba rafu isiyo na mwandishi haina pia mpelelezi.

Mashine, hata hivyo, haisahau. Ile ya kuazimishia huandika kila kitu, siku na saa, na kuyahifadhi mahali ambapo mwanakijiji hapaoni wala hana mamlaka napo. Njia salama zaidi ninayoijua haina umeme hata kidogo. Ni ule utaratibu wa Nina Browne, mkutubi wa Kimarekani wa mwisho wa karne ya 19, uliotumika sana Uingereza na katika nchi zilizojifunza ukutubi kwake. Kila kitabu kina kadi yake ndogo, imo katika mfuko uliogundishwa ndani ya jalada. Kila msomaji ana kijibahasha cha karatasi ngumu chenye jina lake, au namba yake tu. Akiazima, mtumishi huichomoa kadi ya kitabu, huitia katika kijibahasha cha msomaji, hupiga muhuri wa tarehe ya kurejesha, na kuiweka jozi hiyo katika trei ndefu ya mbao mahali pa tarehe hiyo. Kitabu kikirudi, kadi hurudi kitabuni na kijibahasha humrudia mwenyewe, na trei hubaki haina habari kwamba hao wawili, kitabu na msomaji, walipata kujuana. Mtoto wa miaka kumi na miwili hujifunza kazi hii kwa alasiri moja. Bihambwe ningetaka vijibahasha vya namba, na orodha ya namba na majina ikae mbali na trei, nyumbani kwa mtu ambaye wanakijiji wenyewe watamchagua.

Nako kujihudumia kusikosekane. Zahanati ina benchi ambalo akina mama huketi asubuhi nzima wakingoja zamu. Hapo pafaa kuwekwa kabati dogo lisilo na kufuli, lenye vijitabu vya uzazi, vya lishe, vya hadithi za watoto, atakaye achukue, atakaye arudishe. Huko Hudson, Wisconsin, Todd Bol alisimamisha kisanduku cha namna hiyo juu ya nguzo mbele ya nyumba yake mwaka 2009, na dunia ikamwiga. Sioni haja ya kukilinda kisanduku cha vijitabu. Vikiisha vimekwisha, na aliyeviweka ajue vilikuwa vikihitajiwa.

Kwa maktaba yenyewe shaka yangu kubwa si mashine, bali ni mtu mmoja. Miradi mingi hufa kwa sababu ufunguo ulikuwa na mwenyewe mmoja, naye akahamishwa, akaolewa Goma, akakimbia vita, au akachoka kufanya kazi kwa shukrani. Wawe watatu au wanne, na kwa makusudi wasiwe wa nyumba moja wala wa lugha moja, ili msomaji anayemwogopa huyu amwendee yule. Wawemo wasichana, maana binti hatauliza vitabu vya mwili wake kwa kaka wa mtaani. Wapokezane jioni baada ya shule, na siku ya soko wafungue tangu asubuhi, kwa sababu siku hiyo ndiyo watu wa vilima vya mbali hushuka.

Na walipwe. Kongo imekwisha kuona maana ya kuwaachia wazazi mzigo wa kumlipa mwalimu; ndiko iliko sababu serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019, na hata hapo sekondari ikabaki na karo yake. Karo hiyo hiyo yaweza kuwa ndiyo ujira, kwa mfano wa Kitengesa: mhisani anayetaka kuiletea Bihambwe maktaba aulizwe kwanza, kabla ya kuonyesha picha ya makasha yake, ni wanafunzi wangapi atakaowalipia hadi watakapofanya Exetat, na ni nani atakayewalipia wale watakaowafuata. Akisema bajeti yake ina fungu la vifaa tu, alete vitabu na mbao za rafu, nasi tutamshukuru kwa hivyo, na fedha ya mashine ya kuazimishia aiache palepale iwe ya karo, kwa kuwa bei ya mashine moja ya namna hiyo huhesabiwa kwa maelfu ya dola, ilhali trei ya mbao seremala wa Mushaki ataichonga kwa wiki moja.